Dawa isiyojua gugu ni lipi

Kila mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokuwa zimekolea na mahindi yamefika magotini, mimi hujitahidi kufika nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Kitale, japo kwa siku mbili tu. Safari mojawapo ya hizo sitaisahau. Nilimkuta mama amesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni, akiyatazama maharagwe yake kama mtu amtazamaye mgonjwa asijue aanze kumtibu wapi. Mahindi yalikuwa yamenawiri, rangi ya kijani kibichi. Lakini maharagwe, yaliyopandwa katikati ya mistari ya mahindi kama ilivyo desturi ya kwetu, yalikuwa yamejipinda kama mkia wa kinyonga. Majani yake yalikuwa yamekunjamana, na vikonyo vimelegea na kuelekea chini.

"Mwalimu," mama aliniambia, maana tangu niajiriwe kufundisha hajaniita kwa jina, "muulize mdogo wako ameyapa maharagwe yangu dawa gani."

Mdogo wangu hakuwa na la kuficha. Palizi ilikuwa imemlemea, vibarua hawakupatikana, na mvua ilikuwa hainyamazi. Akaenda mjini katika duka la pembejeo, akaeleza shida yake, akauziwa chupa ya dawa ya magugu. Muuzaji alimhakikishia kwamba dawa ile huua majani mapana peke yake, na kwamba mahindi haitayagusa. Kila neno alilolisema lilikuwa la kweli. Mahindi hayakuguswa. Lakini hakuna aliyemuuliza mdogo wangu kama shambani mwake mlikuwamo maharagwe, wala hakuna aliyemweleza kwamba haragwe nalo huhesabiwa kuwa jani pana. Chakula cha miezi mitatu kiliteketea, na hapakuwa na mtu aliyesema uongo.

Msomaji atauliza: mwalimu wa isimu ana haja gani na dawa za magugu? Je, wataalamu wa kilimo wamekwisha? Jawabu langu ni kwamba maharagwe ya mama hayakuuawa na kemikali peke yake. Yaliuawa pia na maneno. Mkasa ule ulianza kwenye kauli fupi iliyotoka kinywani mwa muuzaji na kuingia sikioni mwa mnunuzi ikiwa na maana nyingine. Na pale ambapo maneno yanaharibu chakula cha watu, mwanaisimu hana ruhusa ya kunyamaza.

Hebu tuanze na kemikali yenyewe, kwa sababu asiyeijua kazi yake hawezi kuyapima maneno yanayoielezea. Dawa nyingi za kuua magugu ya majani mapana katika nafaka zina kemikali iitwayo 2,4-D. Iligunduliwa katika miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na watafiti wa Uingereza na Marekani, na ikaanza kuuzwa kwa wakulima vita vilipokwisha. Utendaji wake ni wa hila. Kila mmea una homoni ya ukuaji iitwayo oksini, ambayo ndiyo huelekeza shina lirefuke wapi na mzizi uelekee wapi. Kemikali hii huiga homoni hiyo. Mmea ukishainyonya hudhani umeamriwa ukue, basi hukua ovyo bila mpango: shina hujipinda, majani hukunjamana, mishipa ya kupitishia maji na chakula huvurugika, na baada ya siku kadhaa, au majuma mawili matatu, mmea hufa. Mimea ya jamii ya nyasi, yaani mahindi, ngano, shayiri, mtama na mpunga, huweza kuihimili kemikali hiyo endapo itatumiwa kwa kipimo kifaacho na kwa wakati ufaao. Ndiyo maana katika mashamba makubwa ya ngano ya Narok na Uasin Gishu, ambako haiwezekani kupalilia kwa jembe, dawa za aina hii zimekuwa sehemu ya kawaida ya kilimo.

Sasa tutazame maneno. Twaambiwa kwamba dawa hii "huchagua". Mkulima anaposikia kwamba dawa huchagua, huelewa kwamba inajua kutenganisha gugu na mmea alioupanda. Lakini gugu ni nini? Ukifungua kamusi utaambiwa ni mmea uotao pasipotakiwa. Na neno hilo "pasipotakiwa" ndilo lenye mzigo wote. Hakuna mmea ulioumbwa ukiwa gugu. Ugugu hautoki kwenye jani wala kwenye mzizi. Unatoka kwenye nia ya mwenye shamba. Mnavu, ambao wengine huuita managu na wengine osuga, ni gugu katika ngano ya tajiri na ni kitoweo katika chungu cha jirani yake. Mchicha, mgagani na mlenda ni vivyo hivyo. Hata mahindi yaliyochipuka yenyewe katika shamba la viazi ni magugu kwa siku hiyo. Kwa hivyo "gugu" ni neno la lugha ya binadamu. Kemikali haina lugha. Haijui gugu ni lipi wala zao ni lipi. Huchagua, naam, lakini huchagua kwa mujibu wa maumbile ya mmea, si kwa mujibu wa matakwa yako wewe uliyeinunua.

Na maumbile hayo nayo yamepewa jina linalopotosha. "Majani mapana" ni tafsiri ya neno la wataalamu, na kwa mtaalamu halina utata, kwani analijua kundi la mimea linalokusudiwa. Lakini mpe mkulima neno hilo, kisha mwambie atembee shambani akuonyeshe jani lililo pana kuliko yote. Atakupeleka moja kwa moja kwenye mgomba. Kumbe mgomba haumo katika kundi hilo hata kidogo. Kwa nasaba uko karibu na mahindi kuliko ulivyo karibu na maharagwe. Halafu mwonyeshe karoti na dania, zenye majani membamba yaliyochanikachanika kama nyuzi. Atakwambia hayo si majani mapana. Kumbe karoti na dania ni za kundi lenyewe hasa. Kinachokusudiwa si upana wa jani bali ni namna mbegu ilivyoumbwa: mimea ambayo mbegu yake hupasuka vipande viwili, kama haragwe lililolowekwa majini, ndiyo ambayo wanabiolojia huiita dikotiledoni. Mtoto wa shule ya msingi aliyewahi kupasua haragwe kwa kucha anaweza kuifahamu tofauti hii kwa dakika moja. Lakini hakuna aliyemfundisha kuihusisha na chupa iliyoko stoo. (Wala mtu asidhani kwamba, kwa kuwa mgomba haumo katika kundi hilo, basi u salama, nao waweza kudhurika.)

Ukishaelewa hivyo, utaona hatari iliyopo kwenye mashamba ya matunda. Mwembe ni jani pana. Mparachichi ni jani pana. Mchungwa, mpapai, mkahawa na mkadamia, yote ni majani mapana kwa maana ile ya wataalamu. Mkulima wa Murang'a mwenye maparachichi, au wa Makueni mwenye maembe, akisikia tu kwamba dawa fulani huua magugu ya majani mapana na kuacha mimea mingine, anaweza kuipeleka chini ya miti yake akidhani mti si gugu, basi mti umesalimika. Wengi katika mashamba ya matunda hutumia dawa nyingine, glifosati, ambayo haichagui kitu: huua karibu kila mmea wenye kijani itakayougusa. Hiyo nayo yaweza kutumiwa kati ya mistari ya miti, lakini haitakiwi kugusa majani wala gome la mche mchanga ambalo bado ni kijani. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, yenye masharti tofauti kabisa, na katika mazungumzo yetu ya kila siku yote mawili yamepewa jina moja: dawa ya magugu.

Isitoshe, dawa haibaki pale ulipoielekeza. Upepo huchukua matone madogo na kuyapeleka kwa jirani. Na baadhi ya aina za 2,4-D, hasa zile ziitwazo esta, huweza kugeuka mvuke baada ya kunyunyizwa na kusafiri hewani jua linapokuwa kali. Nyanya, mizabibu, pamba na maharagwe ni miongoni mwa mimea inayodhurika kwa kiasi kidogo mno. Tena kuna pampu. Pampu ya mgongoni iliyotumika kunyunyizia mahindi leo, ikisuuzwa kwa maji mara moja na kutumika kunyunyizia nyanya dhidi ya ukungu wiki ijayo, hubeba mabaki yanayotosha kuzipinda hizo nyanya. Mkulima hulaumu dawa ya ukungu, au mbegu, au hata jicho la jirani, ilhali adui alikuwa mgongoni mwake.

Nije sasa kwenye neno "dawa" lenyewe. Lugha yetu ni karimu kwa neno hili. Tunalo dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya mapenzi. Wahenga walituambia hata dawa ya moto ni moto. Dawa, kwa ufupi, ni chochote kinachoondoa tatizo. Katika hali ya kawaida ukarimu huo hauna madhara. Lakini fikiria mtoto wa miaka minne ambaye kila akiugua huambiwa, "Kunywa dawa upone." Mtoto huyo huyo humsikia babake akisema, "Dawa imo kwenye chupa ya soda, nyuma ya mlango." Wapo wanaomimina sumu katika chupa za soda kwa sababu wamenunua kidogo ya kupima, au kwa sababu chupa ya asili imepasuka. Miongoni mwa kemikali za kuua magugu duniani imo parakwati, ambayo mkupuo mmoja tu waweza kuua mtu na ambayo haina kiuasumu chochote. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Neno lililomfundisha mtoto kupona ndilo linalomwita kwenye kifo.

Sipendekezi tulifute neno dawa. Lugha haiendeshwi kwa amri. Lakini istilahi zipo. Kiswahili kimekwisha kuunda "kiuagugu" kwa kinachoua magugu na "kiuatilifu" kwa jumla ya kemikali zinazoua viumbe waharibifu wa mazao. Jirani zetu Watanzania wamekwenda mbali zaidi: tangu sheria yao ya mwaka 2020 wana chombo cha serikali kiitwacho Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na hivyo neno hilo limetoka kwenye vitabu vya wanaisimu likaingia kwenye mihuri na vibali. Kwetu Kenya bado tunaliona kama neno la mtihani. Anayeona maneno haya ni mazito na akumbuke kwamba miaka ya nyuma "rununu" na "tarakilishi" nayo yalichekwa. Na iwapo neno jipya litakawia, basi tuseme waziwazi: sumu ya magugu. Sumu ni neno ambalo hata mtoto huliogopa.

Siku ile niliiomba chupa yenyewe niisome. Kwa haki, niseme kwamba upande mmoja ulikuwa na Kiingereza na upande wa pili Kiswahili. Ulikuwapo pia mkanda wa rangi ya manjano chini ya kibandiko, ambao katika utaratibu wa kimataifa wa rangi una maana ya hatari ya wastani: nyekundu ni hatari kubwa, kisha manjano, kisha samawati, kisha kijani. Mdogo wangu alidhani ile manjano ni pambo la kampuni. Maandishi ya Kiswahili yalikuwa madogo hata mama, akiwa na miwani yake, hakuweza kuyasoma. Na mimi niliyeyasoma, mwenye shahada tatu za lugha, nilikwama mara mbili.

Nilikwama kwanza kwenye agizo la kutumia dawa "baada ya kuota". Kuota kwa nini? Kwa mahindi, au kwa magugu? Kiswahili hudai tutaje kinachoota. Mkulima mmoja ataelewa kwamba angoje mahindi yaote, mwingine kwamba angoje magugu yaote, na wa tatu atangoja mpaka mahindi yafike kifuani, maana nayo si yamekwisha kuota? Huyu wa tatu atajuta, kwani mahindi yaliyokwisha kurefuka yakinyunyiziwa kemikali hii hovyo huweza kuwa na mabua mepesi kuvunjika na mizizi iliyoharibika umbo. Kwa ngano vilevile kuna dirisha maalumu: baada ya mmea kutoa machipukizi yake ya pembeni na kabla shina halijaanza kupanda na kufanya vifundo. Mambo hayo yote yalikuwa yamebanwa katika maneno matatu.

Nilikwama tena kwenye kipimo. Kilitolewa kwa hekta. Ni mkulima gani wa kwetu anayehesabu kwa hekta? Tunahesabu kwa ekari, na dawa tunaipima kwa kifuniko cha chupa kwa kila pampu. Hekta moja ni takriban ekari mbili na nusu. Kwa hivyo kibandiko kikisema lita moja na nusu kwa hekta, haki ya ekari moja ni kama mililita 600. Anayesoma "hekta" na kuelewa "ekari" ananyunyiza karibu mara mbili na nusu ya kipimo. Anajidhuru, anaudhuru udongo, na anatupa pesa zake. Kosa hilo ni la kutafsiri neno bila kutafsiri maisha ya anayelisoma.

Lakini kosa kubwa kuliko yote halikuwa katika kilichoandikwa, bali katika kilichoachwa. Kibandiko kiliorodhesha kwa fahari magugu yatakayouawa. Hakikuorodhesha mazao yatakayouawa. Laiti kungekuwa na mstari mmoja, kwa herufi nene: "Dawa hii itaua pia maharagwe, kunde, njugu, viazi, nyanya, mboga za kienyeji na miche ya matunda," maharagwe ya mama yangevunwa mwezi wa Julai.

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wanaotaka kila chupa ya namna hii itupwe baharini. Wanaosema tupalilie kwa jembe kama mababu zetu aghalabu si wao wanaoshika jembe. Palizi katika nchi hii imebebwa na migongo ya akina mama na ya watoto, na kila mwalimu wa kijijini anajua jinsi madarasa yanavyopungua msimu wa palizi unapofika. Ikiwa chupa moja, ikitumiwa ipasavyo, yaweza kumrudisha mtoto darasani, sitaipinga kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale.

Wala sidai kwamba lugha nzuri itamaliza kila tatizo. Huko Marekani, ambako wakulima husoma vibandiko kwa lugha yao wenyewe, mkulima mmoja wa mipichi katika jimbo la Missouri alizishtaki kampuni mbili kubwa akidai kwamba dikamba, dawa nyingine ya kuua majani mapana, ilipeperuka kutoka mashamba ya jirani na kuiharibu miti yake. Mwezi wa Februari mwaka 2020 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 15 na juu yake dola milioni 250 za kuziadhibu kampuni hizo. Adhabu hiyo ilipunguzwa baadaye na jaji hadi dola milioni 60, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaamuru sehemu hiyo ya adhabu isikilizwe upya, lakini ikakubali kwamba kampuni hizo ziliwajibika. Upepo hausomi kibandiko. Hilo nakubali. Hata hivyo, yule mkulima alijua kilichoiua miti yake, alijua kukitaja kwa jina, na alijua pa kukipeleka. Mama yangu alijua tu kwamba maharagwe "yamepewa dawa".

Kuna pia suala la afya, na hapa lugha inadaiwa umakini zaidi. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glifosati katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na 2,4-D katika kundi la chini yake, la vitu ambavyo yawezekana husababisha. Mashirika mengine ya udhibiti, likiwamo la Marekani na lile la Umoja wa Ulaya, hayakukubaliana na uamuzi huo kuhusu glifosati. "Yaelekea" na "yawezekana" si kitu kimoja, na wala hakuna kati ya hayo lenye maana ya "imethibitishwa". Lakini sikiliza mabishano ya sokoni: upande mmoja husema dawa hizi ni saratani tupu, na upande wa pili husema hayo ni maneno ya kizungu. Tumeipoteza ngazi iliyoko kati ya ndiyo na la. Lugha isiyoweza kupima kiasi cha shaka haiwezi kumlinda msemaji wake. Na Kiswahili chaweza. Ni sisi ambao hatukitumii.

Nitaje na jambo la usugu. Dawa ile ile ikitumiwa mwaka nenda mwaka rudi, magugu machache yaliyozaliwa na uwezo wa kuistahimili husalia, huzaa, na hatimaye hutawala shamba. Jambo hili lilionekana mapema: kufikia mwaka 1957 karoti-mwitu iliyoshinda 2,4-D ilikuwa imekwisha kuripotiwa nchini Kanada. Kiswahili kina neno zuri mno kwa hali hii, "magugu sugu", neno ambalo hata sauti zake zinafundisha. Mkulima akilisikia mara moja halisahau.

Na mfano kwamba jina zuri lafaa upo hapa hapa kwetu. Katika Nyanza na Magharibi kuna gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mwaka 2005 ilitolewa mbegu ya mahindi iliyopakwa kiuagugu ili kulikabili, na ikauzwa kwa jina la Ua Kayongo. Maneno mawili tu, moja la Kiswahili na moja la Kijaluo, na bibi kizee asiyejua kusoma ameelewa mbegu hiyo ni ya nini. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Basi tufanyeje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 imempa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Tunayo sheria ya kusimamia kemikali hizi, Sura ya 346, na tunayo bodi iliyoundwa chini yake. Ombi langu kwa wanaoidhinisha vibandiko ni moja: kabla ya Kiswahili cha kibandiko kupitishwa, wakulima kumi wasomewe, kisha waombwe waeleze kwa maneno yao watakavyofanya. Wakieleza visivyo, kosa si la wakulima. Kiandikwe upya.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili: kila mwaka tunatafuta vifungu vya ufahamu kuhusu mazingira, na aghalabu tunaishia kwenye insha zenye maneno matamu na mambo machache. Nakilini maelezo ya kibandiko ubaoni (chupa yenyewe isiletwe darasani). Waulizeni wanafunzi: nani anaambiwa afanye nini, lini, kwa kiasi gani, na utata uko wapi? Kisha waambieni waiandike upya ili nyanya zao waielewe. Mwalimu wa hisabati na ageuze hekta kuwa ekari. Mwalimu wa sayansi na awape haragwe na punje ya hindi wazipasue. Hapo mtakuwa mmefundisha masomo matatu kwa kibandiko kimoja.

Na kwenu wanafunzi wa vyuo vikuu mnaonijia kila mwaka mkitafuta mada za tasnifu: mashairi yamechambuliwa, na yataendelea kuchambuliwa. Lakini lugha ya chupa hizi haina mchambuzi. Kila tarehe 7 Julai, tangu mwaka 2022, tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa nyimbo na hotuba. Ni vyema. Ila lugha inayoimbwa jukwaani na kushindwa kumwonya mkulima shambani imepewa heshima ya mgeni, si kazi ya mwenye nyumba.

Msimu uliofuata nilikwenda tena kwa mama. Mdogo wangu alikuwa amekaa barazani na chupa nyingine mkononi, na binti yake, aliye katika shule ya upili, alikuwa akimsomea kibandiko kwa sauti. Alipofika kwenye maneno "baada ya kuota" akasita, akamtazama babake, akauliza, "Kuota kwa nini, baba?" Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Kisha akaiweka chupa chini na kusema kesho atarudi dukani akaulize. Mama, aliyekuwa akichambua mnavu pembeni, hakusema neno. Alisogeza tu ungo wake karibu ili asikie vizuri.